Ndoa Iliyokwama Uwanja wa Ndege

Inatangazwa rasmi kwa wakaazi wote wa Ibra, Bidiyah, Al Mintirib na vitongoji vyake. Kwa ngamia wenye alama na wasio na alama. Na kwa yeyote aliyeegesha gari pale sheli akisubiri chai ya maziwa: Bwana Khelef bin Asaad, mpokea wageni wa kambi ya mchangani, ni mume wa mtu. Amekuwa mume wa mtu tangu mwaka 2008. Akiwa Unguja ni mume kamili. Akiwa angani ni nusu mume. Ndege ikigusa Maskati, ghafla ni kapera, ingawa kapera mwenye kanzu iliyopigwa pasi kwa mapenzi kupita kiasi. Tangazo hili limechelewa kidogo. Wote waliosumbuka wanaombwa radhi.

Khelef mwenyewe mnamjua. Ukitoka Ibra kwenda kulala jangwani, ukakaribishwa kahawa na mtu mwembamba anayeomba radhi kwa ajili ya joto kana kwamba yeye ndiye aliyeliwasha, basi ndiye huyo. Kazaliwa Ibra na mama wa Kikwajuni, Unguja. Kiarabu alikipata mlangoni, Kiswahili alikipata jikoni, na Kiingereza alikiokota kwa watalii, kipande kwa Mjerumani, kipande kwa Mfaransa, ndiyo maana Mwingereza hamwelewi.

Kabla ya kambi alijaribu mengi. Aliuza viyoyozi Sur, akaachishwa kwa sababu alimshauri kila mteja afungue dirisha kwanza aone. Aliendesha lori la maji, akaacha mwenyewe, maana watu walimfokea kwa kuchelewa na yeye akienda kila nyumba kuwaomba msamaha, anazidi kuchelewa. Upole ule ule uliomharibia kazi mbili ndio uliompa ya tatu. Bwana Hud, mwenye kambi, alimwona akimwomba radhi ngamia, akasema, "Huyu awekwe mapokezi."

Mwaka huo wa 2008 alimpeleka mama yake Unguja kuwasalimia ndugu. Alirudi na karafuu, achari ya ndimu, na habari kwamba ameoa. Mke ni Tamima, binti wa jirani wa khalati yake, dada wa mama yake, mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Kadhi alifungisha, pilau ililiwa, bi harusi akatolewa nje kuonyeshwa watu. Karafuu zilipita forodhani bila tabu. Ndoa ndiyo haikupita.

Miaka ile Muomani akitaka kuoa mgeni alitakiwa aombe kibali cha wizara kwanza. Kwanza, si baadaye. Khelef alioa kwanza akasema atauliza baadaye, na alipouliza, aliuliza watu wasiohusika. Binamu yake alimwambia hakuna neno. Ami yake alimwambia watamnyang'anya pasi ya kusafiria. Jirani alimwambia atafungwa, tena anamjua mtu aliyemjua mtu aliyefungwa. Khelef alichagua ushauri wa nne, ambao hakupewa na yeyote: akanyamaza.

Basi Tamima akawa anakuja Oman kila majira ya baridi kwa viza ya matembezi. Alifikia Ibra kwa wifi yake, Shaikha, dada yake Khelef. Kwenye karatasi alikuwa mgeni. Kwa majirani wa kiume alikuwa "jamaa wa Shaikha kutoka Zinjibar." Lakini Ibra kuna soko la Jumatano, soko la wanawake, mwanamume haingii hata kama mkewe kasahau mkoba. Shaikha ana meza yake mle, ya ubani na udi, na Tamima akawa anapanga pembeni vitumbua na mkate wa kumimina. Siku ya kwanza tu, Tahani muuza vitambaa alimtazama juu hata chini.

"Wewe nani wake Shaikha?"

"Wifi yake."

"Karibu, habibti. Sogea, unanizibia jua."

Kesi ikaisha. Hakuna aliyeuliza muhuri. Soko zima likamtambua Tamima kuwa mke wa Khelef kabla vitumbua havijapoa, likamshauri na namna ya kumnenepesha. Wizara, safari fupi tu kwa gari, haikuwa na habari.

Majira ya baridi ya kuamkia 2015, Tamima alishuka uwanja wa ndege hacheki. Kwenye gari, walipovuka njia ya Samail, akasema.

"Khelef, mie nimechoka."

"Pole. Safari ndefu."

"Si safari. Nimechoka ugeni. Kila mwaka naandika kwenye fomu 'matembezi'. Mtu anatembea kwa mumewe? Viza hii ikimalizika narudi Kikwajuni, na huku siji tena kwa jina la mgeni. Ukinitaka, nitaje."

Khelef akaomba radhi. Tamima akageukia dirishani, akatazama milima. Ndugu zangu, milima ya Samail haina cha kutazamwa muda mrefu hivyo.

Wiki hiyo mpishi wa kambi alikwenda likizo kwao Kerala, na Bwana Hud akauliza kama yupo mtu anayejua biriani. Khelef, kwa sauti ndogo, akasema yule jamaa wa dada yake anaijua. Tamima akaletwa. Akapewa hema dogo nyuma ya jiko, Khelef akabaki kwenye kijichumba chake nyuma ya mapokezi. Katikati yao palikuwa na zizi la mbuzi.

Hapa inafaa niwaambie juu ya bango. Ukutani pa mapokezi, juu ya kichwa cha Khelef, Bwana Hud alitundika tangazo lenye fremu ya dhahabu: wanandoa wenyeji waonyeshe cheti cha ndoa ndipo wapewe hema. Aliyekabidhiwa kulisimamia bango hilo ni Khelef. Kila Alhamisi watu wa Nizwa na Manah wakija na wake zao, Khelef huuliza, akiwa mwekundu masikioni, "Samahani sheikh, cheti?" Mwenyewe chake kipo, kimekunjwa ndani ya mfuko wa kanzu, kina muhuri wa kadhi wa Unguja na doa la pilau.

Alhamisi hiyo alikuja bwana harusi kijana kutoka Nizwa, hina ya mkewe bado nyeusi tititi, na cheti kasahau. Khelef akamrudisha. Kijana alitaka kulia. Khelef pia. Nyuma yao kwenye foleni walisimama wanawake wawili wa Kimarekani, watu wazima, wenye kofia pana na viatu vya kupandia milima: Karla, mwalimu mstaafu, na Denise, daktari wa mifugo. Wametoka jimbo la Texas. Msomaji nakwambia mapema ili usihangaike kama alivyohangaika mwenzetu: Karla na Denise walikuwa wameoana, wao kwa wao. Ndoa waliifunga New York.

Bwana Hud alikuwepo mwenyewe siku hiyo. Akawatazama, akafurahi.

"Wanawake wawili peke yao? Masikini! Wape namba tatu, Khelef, lenye kitanda kikubwa, wasipate baridi. Wape na blanketi la pili."

Hivyo ndivyo walivyolala. Wamarekani wawili ambao kwao sheria inawakatalia walipewa hema, kitanda na blanketi la pili bila kuulizwa swali. Bwana harusi wa Nizwa yuko barabarani anaendea cheti. Khelef yuko upande huu wa zizi, mkewe upande ule, na mbuzi ndio waliopata kulala pamoja.

Asubuhi Denise alikuja kunywa chai macho mekundu.

"Vipi, ngamia walikusumbueni?" Khelef aliuliza, tayari kuomba radhi.

"Si ngamia. Huyu." Akamwonyesha Karla kwa kijiko. "Anakoroma. Ngamia ndio waliokuja kuuliza kuna nini."

"Uongo," alisema Karla, anapaka siagi.

Siku hiyo hiyo, baada ya Maghribi, waliketi nje penye moto. Tamima alileta kahawa na tende, akakaa kidogo. Karla akauliza kwa nini kijana yule wa jana alirudishwa, na Khelef akaeleza habari ya bango. Kisha, sijui ni moto ule au ni maneno ya njia ya Samail yaliyokuwa yakimchoma, akajikuta anaeleza na yake. Kwamba huyu anayewapa kahawa ni mkewe. Kwamba Unguja ni mkewe na hapa si mkewe. Alieleza kwa Kiingereza chake cha kuokota, lakini Wamarekani walimwelewa neno kwa neno, wakatazamana, wakaangua kicheko.

"Hata sisi!" alisema Denise. "Ndoa yetu ni hivyo hivyo. Serikali kuu kule Washington inaitambua, tokea mwaka juzi. Kodi wanatutoza kama watu wa ndoa. Lakini tukirudi kwetu Texas, jimbo linasema halitujui."

"Serikali kuu inajua, jimbo halijui?"

"Ndiyo."

Khelef akapiga paja. "Muungano!"

Mtoto wa mama wa Kiunguja, jambo hilo hahitaji kufundishwa. Akawaeleza kwamba hata kule kwa mkewe kuna mambo ya Muungano na mambo yasiyo ya Muungano, kila upande una serikali yake, na ukitaka kumkasirisha mzee wa Kikwajuni muulize kipi ni cha nani. Basi ndoa kwa Washington imekuwa ya Muungano, na Texas wanasema si ya Muungano. Wamarekani walisema hawajawahi kusikia ikielezwa vizuri hivyo. Hata magazeti ya kwao huwachanganya.

Akarudi jikoni kifua mbele.

"Tamima, unajua wale ni nani?"

"Nani?"

"Wake wenza."

Maana, jamani, mnataka afikiri nini? Wanawake wawili wanasema "ndoa yetu." Wanawake wawili na ndoa moja. Kwa mtu wa Ibra hesabu hiyo ina jibu moja tu. Tena kasikia kwamba Marekani mke wa pili ni haramu, kwa hiyo ikaingia sawasawa: jimbo linamkataa bi mdogo.

"Na wanavyopendana!" Khelef aliendelea. "Bi mkubwa ni yule mwalimu. Wametoka kutembea, mume wamemwacha nyumbani. Masikini, naona hana kauli."

Tamima alikuwa anaosha vikombe. "Kawaulize hali ya mume wao."

"Nitawauliza. Si adabu kutomuulizia."

Akaenda. Akaweka mkono kifuani, akauliza kwa heshima zote, "Na mume wenu, hajambo?"

Kahawa ilimpalia Denise. Karla alimpiga mgongoni mpaka kofia ikaanguka. Alipopata pumzi akasema polepole, anamtazama Khelef usoni, "Hatuna mume, Khelef. Tuko sisi tu."

Khelef aliinuka akaenda kuangalia jenereta. Jenereta ilikuwa nzima. Aliiangalia sana. Tamima akamfuata na tochi.

"Ulijua!" Khelef alisema.

"Tangu asubuhi. Yule daktari alimfunga mwenziwe kifungo cha koti huku anamgombeza. Wewe uliona wapi mke mwenza anamfunga mwenziwe kifungo?"

"Astaghfirullah, Tamima. Mie mambo haya siyajui hata pa kuyaweka."

"Nani kakwambia uyaweke? Wageni wako wamekaa, kahawa yao inapoa."

Akarudi. Akamimina kahawa. Akasema, "Hapa msimwambie mtu. Hata mimi hamkuniambia."

"Tunajua," alisema Karla. "Mtu akiuliza, tutasema ni wake wenza."

"Lahaula! Hapana! Wataulizia mume!"

Hapo ndipo walipocheka wote wanne, na Tamima kicheko chake kilirudi, kile cha mtaa wa pili. Kisha akamgeukia mumewe kwa Kiswahili.

"Waulize. Jimbo likiwakataa, wao hufanya nini?"

Khelef akafasiri, bila kutazama upande swali lilikotoka. Karla akajibu kwamba kila Februari hujipamba wakaenda ofisi ya wilaya kwao kuomba cheti. Karani, mama mmoja mwenye miwani, huwaambia hairuhusiwi. Huwapa biskuti, wakarudi nyumbani.

"Na mnajua mtakataliwa?"

"Tunajua."

"Sasa mnakwenda kwa nini?"

"Ili asisahau sura zetu," alisema Karla.

"Na ikifika siku wakasema hakuna aliyeomba," Denise akaongeza, "waongo watakuwa wao, si sisi."

Khelef akafasiri mpaka mwisho, sauti ikapungua kila neno. Tamima akakusanya vikombe, kimoja kimoja, macho kwa mumewe. Tamima akitazama hivyo, hata Mmarekani anaelewa.

Asubuhi Wamarekani waliondoka kwenda Sur kuangalia kasa. Denise aliinama dirishani mwa gari akamwambia Khelef, "Karla akikoroma mimi nasema, hii ndiyo ndoa. Jimbo wasiitambue, mie kila usiku naitambua."

Gari halijafika lami, Bwana Hud akaingia na katoni za tende kwa mlango wa nyuma, na nyuma ya jiko akamkuta mpokea wageni wake anakula sinia moja na mpishi.

"Khelef. Huyu nani?"

Hapo miaka yote ile ilisimama pamoja mlangoni. Jibu la "jamaa wa dada yangu" lilikuwa tayari mdomoni, limezoea njia. Tamima aliendelea kumega mkate. Hakumtazama.

"Mke wangu," alisema Khelef.

"Mke?"

"Mke. Samahani sheikh. Si samahani kwa mke, samahani kwa kutosema."

Bwana Hud alinyoosha kidole kuelekea kwenye bango lake, ingawa mbele yake palikuwa na ukuta wa jiko. "Cheti?"

Khelef akatoa karatasi ya kadhi, doa na vyote. Hud akaisoma mara mbili.

"Na kibali?"

"Sina. Nakwenda kukiomba leo."

"Watakukatalia."

"Najua."

Bwana Hud alifikiri. Ni mtu wa kanuni. "Basi kanuni ni kanuni. Hapa hakai mpaka karatasi itimie. Arudi kwa dada yako sasa hivi." Kisha pua yake ikaingia jikoni. "Sasa hivi, baada ya chakula cha mchana."

Alasiri hiyo ofisi zilikuwa zimefungwa, lakini Jumapili walikuwa wa kwanza mlangoni, Tamima kavaa baibui jipya, kabeba bakuli la vitumbua. Karani alikuwa msichana anaitwa Wijdan, bibi yake mtu wa Bububu ya Unguja, Kiswahili chake kimebaki kama nguo iliyofuliwa sana.

"Shikamoo," alisema, maana hilo walimfundisha vizuri. "Ndoa yenu hii kwa kompyuta hakuna."

"Tunajua, mwanangu. Ndiyo tumekuja iingie," alisema Tamima.

"Mlioa kwanza, mnaomba baadaye. Hii mafi, haiwezekani. Watarudisha."

"Warudishe. Kula kitumbua."

Walirudisha. Pasi haikunyang'anywa wala mtu hakufungwa. Ami na jirani walivunjika moyo kidogo. Tamima aliondoka viza ilipokwisha, lakini uwanjani, kwenye kibanda cha maofisa, alisikika akisema kwa sauti, "Nakwenda Unguja, namwacha mume wangu Ibra." Na majira mengine ya baridi akaja. Wakaenda tena kwa Wijdan. Wakarudishwa tena. Ikawa desturi, kila Januari, na Wijdan akaanza kutoa oda: safari hii msisahau mkate wa kumimina, mamangu kauliza.

Juni ile ile ya 2015, ndani ya Ramadhani, futari iko mbele yao kwa Shaikha, simu ya Khelef ililia. Ujumbe wa Denise. Mahakama kuu yao imeamua: majimbo yote yatawatambua, Texas ikiwemo. Karani wa miwani kawaandikia cheti, safari hii biskuti wamempelekea wao. Khelef alimpigia Tamima Unguja, akamsomea. Habari ya Wamarekani alikuwa kaificha kwa adabu mpaka alipohakikisha ndege yao imeruka. Tamima aliificha mpaka soko la Jumatano, ndiyo maana leo naijua mimi.

Upande wa pili wa simu Tamima akasema, "Wametutangulia."

Khelef akamjibu Denise, "Hongera. Sisi bado foleni."

Foleni ilikuwa ndefu. Wijdan aliolewa, akazaa, akarudi kazini, akawakuta. Bango la Bwana Hud lilipauka. Halafu mwaka 2023, mwisho wa Ramadhani, sheria ikabadilika: kuoa mgeni hakuhitaji tena kibali. Tamima akaja na ndege ya kwanza, Khelef akaenda ofisini mbio, yeye nyuma na bakuli.

"Hiyo kibali hakuna tena," alisema Wijdan, anacheka na machozi pamoja. "Peleka cheti, wathibitishe, khalas. Ndoa yenu ipo."

"Lakini nilikuwa naomba kibali," alisema Khelef. Alionekana kama mtu aliyesukuma mlango miaka, kisha ukuta mzima ukaondolewa. "Sasa nisiombe?"

"Usiombe. Lakini vitumbua, Mama Tamima? Vitumbua pia vimefutwa?"

Cheti kilipothibitishwa, Khelef alikwenda nacho kambini, akakiweka mezani chini ya bango, akajiuliza mwenyewe, "Samahani sheikh, cheti?" akajijibu, "Hiki hapa." Bwana Hud, kwa heshima ya kanuni, alikisoma mara mbili, kisha akatoa ufunguo wa namba tatu, hema la kitanda kikubwa, na blanketi la pili juu, mwezi wa Mei, joto la kukaanga yai.

Asubuhi yake ukoo mzima ulikuwa umejaa mapokezi: Shaikha na wanawake wa soko la Jumatano, Wijdan na mtoto wake, Bwana Hud na tende zake. Firas, mwana wa Shaikha, alipanda juu ya kiti cha plastiki akalisoma lile tangazo mlilolisoma mwanzo, lenye ngamia na kila kitu. Vigelegele vikapigwa hadi mbuzi wakaitikia. Khelef akatoka hemani peke yake, macho mekundu, kanzu imekunjamana kwa mara ya kwanza tangu tumjue.

"Mjomba Khelef," alisema Firas, kapandisha sauti ya redioni, "leo Unguja inaitambua, Ibra inaitambua, serikali inaitambua, na dunia yote inaitambua ndoa hii. Baada ya mapambano yote haya, umma unasubiri neno lako."

Khelef alijikuna shingo.

"Anakoroma," alisema, akaenda kutafuta chai.